Jina Kutoka Ng'ambo ya Mto Athi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka. Ilikuwa siku ya kumpa jina mtoto wangu wa kwanza, hapa hapa juu ya milima ya Nunguni, miaka michache baada ya Uhuru. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, mimi ni msichana bado, nimekalia kitanda cha kamba na mtoto wa kiume mapajani, na wanawake wa mtaa wamenizunguka wakingoja. Kila mmoja wao alidhani analijua jina nitakalolitaja. 

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ya swali lako. Umepanda mlima huu kutoka Wote na tumbo lako, na pumzi imekuishia njiani, ili uniulize kama mvulana anaweza kupewa jina la kuwaheshimu mama yako na mama yako mdogo aliyekulea. Unasema wenzako wamekucheka, wamekuambia kwamba jina la mvulana hutoka kwa wanaume na wewe ngoja uzae msichana. Nitakujibu. Lakini mimi si mtu wa kujibu kwa mkato, na huku juu wageni ni wachache, kwa hiyo umeingia mtegoni mwenyewe. Vuta hicho kiti, kunywa uji, usikilize.

Mimi ni wa Kitui. Wewe unanijua kama mama wa huku, lakini nilizaliwa ng'ambo ya mto Athi, kwenye joto na mchanga, na nikabaki yatima nikiwa mdogo. Nililelewa kwa mjomba, nyumba ya watoto wengi na sufuria moja ndogo. Sikuteswa, ila hakuna aliyenihitaji, na hilo mtoto hulijua hata asipoambiwa. Basi siku moja mjomba akaniita, akaniambia nimepata posa. Nilipotoka nje kumwona mwenye posa, nikamkuta mwanamke mzee, mrefu, ameketi juu ya jiwe anasokota nyuzi za mkonge za kusukia kiondo, kikapu chetu.

Usishangae. Kwetu Ukambani, mwanamke ambaye hakujaaliwa mtoto aliweza kutoa mbuzi zake na kuoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Watu wa kanisa hawakuipenda desturi hiyo, na leo ukiitaja pale Wote watu watatazama viatu vyao. Lakini ilikuwepo, na mimi niliolewa hivyo. Na kama unataka kuniuliza baba wa mtoto alikuwa nani, jibu lako ni kwamba desturi haikuuliza, na wewe bado ni mdogo.

Mwanamke huyo aliitwa Kalunde. Mumewe, Mutiso, alikuwa amefariki na kumwachia shamba zuri bondeni, penye kijito, penye ndizi na miwa na nduma, shamba ambalo hata mwaka wa jua kali liliweka kitu mdomoni. Lakini shamba bila mtoto lilikuwa halina mwenyewe. Shemeji yake, mzee Kilonzo, alikuwa amekwisha kulizunguka kwa macho. Ndiyo sababu Kalunde alitafuta mke. Wasichana walikuwepo tele huku Makueni, hata Nunguni penyewe, na hata hivyo yeye alichukua mbuzi zake akavuka mto mpaka Kitui kunitafuta mimi. Nilijiuliza sana kwa nini.

Nikaja kuelewa polepole. Tulikuwa wawili tu mle nyumbani, na jioni ya kwanza aliniambia, "Ongea."

"Niongee nini, mwaitu?" Mwaitu ndilo neno letu la mama.

"Chochote. Hata kama ni uongo. Ongea tu."

Kikamba cha Kitui si sawa na cha huku. Maneno ni yaleyale karibu yote, lakini sauti inapanda na kushuka kwingine, na watu wa huku wakikisikia wanacheka. Kalunde, naye mzaliwa wa Kitui, alikuwa amechekwa mpaka akaacha kusema. Sasa alikuwa amejinunulia masikio ya kwao, niseme hivyo, na mdomo wa kwao. Nikawa namsimulia habari za mjomba, za punda wa jirani, za visima tulivyochimba mtoni, naye akisokota mkonge na kutabasamu bila kuniangalia.

Nilimpenda, mwanangu. Nataka ulijue hilo mapema. Na nilimwonea uchungu, kwa sababu sijaona mtu mpweke namna ile. Unajua mwanamke wetu akizaa anaitwa kwa jina la mtoto wake. Wasichana wa juzi, ambao Kalunde aliwaona wakitambaa, walikuwa wameshakuwa Mama Kioko na Mama Mwende, wanaitwa kwa heshima sokoni na kanisani. Yeye na mvi zake aliitwa Bibi ya Mutiso, na Mutiso alikuwa chini ya udongo. Alikuwa akienda soko la Nunguni na viondo vyake, akirudi namwuliza habari za huko. Anafikiri, kisha anasema, "Wameniuliza bei." Siku nzima sokoni, na hayo ndiyo maneno aliyoambiwa.

Basi nikajifungua. Aliyenizalisha ni Mama Nduku, mkunga wa mtaa, mwanamke wa sauti kubwa asiyeogopa mtu. Mtoto akawa wa kiume, na Kalunde akapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde. Lakini hakuingia ndani kumshika. Baadhi ya wanawake wa huku waliona si vyema mtu ambaye hajazaa amshike mtoto kabla hajapewa jina, na yeye hakutaka kubishana. Alifua vitambaa, alipika uji, akaupitisha mlangoni kwa mkono wa Mama Nduku. Nikiwa kitandani nilikuwa namsikia nje akiongea na mbuzi, anamweleza kwamba kuna mvulana ndani. Nililia peke yangu. Aliyetoa mbuzi zake ili mtoto azaliwe ndiye aliyekaa nje kwenye baridi.

Kabla ya siku ya jina, mzee Kilonzo alikuja asubuhi na koti lake refu. Hakuketi. Alisimama uani akamwambia Kalunde, kwa sauti ya kunifikia mimi ndani, "Bibi ya Mutiso, huyo mtoto ni Nzioka. Ni jina ya baba yetu. Akiwa Nzioka, shamba ya bonde ni yake na mimi siwezi kuigusa. Mkimpa jina ingine, basi huyo ni mtoto yenu, si yetu. Mtajua mahali mtalima."

Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Baba yake alikuwa mzee wa watu, na mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu upande wa baba, hivyo ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo. Alitaka baba yake arudi nyumbani, nani hataki?

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuamua langu. Alipoondoka nilimwita Kalunde karibu na mlango, nikamwambia kwa furaha ya kijinga ya ujana, "Mwaitu, mimi nitamwita Kalunde."

Nilidhani atalia kwa furaha. Alikasirika. Aliweka kiondo chini, akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Wewe Mbithe, unataka kunisaidia ama unataka watu wanicheke? Hii mtoto itaenda kuchunga mbuzi na wengine. Wakimwita Kalunde huko malishoni, atanichukia mimi mwenye hiyo jina. Hiyo ni heshima gani?"

"Nilitaka tu jina lako lisipotee."

"Jina yangu unaijua. Hata Kilonzo anaijua, hata kama haitumii. Lakini mimi ni nani? Mimi ni mtu wa nani? Tumekaa wewe na mimi hapa, umeongea mpaka punda za Kitui nazijua majina. Ulishawahi kuniuliza?"

Mwanangu, niliona aibu. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejaza nyumba ile maneno yangu, naye akiyanywa, na sikuwahi kumwuliza yake. Nilimdhania ni mzee tangu mwanzo, kama mtu aliyeota pale mlimani pamoja na mawe. Asiyekuwepo na lake halipo, tunasema, na tunasahau kwamba mtu anaweza kuwepo mbele yako kila siku, anakupakulia muthokoi, na lake bado lisiwepo.

Nikamwuliza basi. Nikasema, "Mwaitu, baba yako aliitwa nani?"

Aliokota kiondo chake, akakipangusa vumbi. Kisha akasema, "Mwangangi." Akalisema tena, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya chakula. Akacheka kidogo, akaniambia hajui mara ya mwisho kulisema ilikuwa lini.

Alinieleza mlangoni pale, mimi ndani, yeye nje. Alikuwa msichana wakati njaa ilipoingia Kitui, na watu walikuwa wakivuka mto kuja huku kwenye chakula. Baba yake alimleta. Kwenye Athi maji yalikuwa yamepanda kiasi, akambeba mabegani. "Nilikuwa mkubwa tayari," Kalunde aliniambia. "Nilikuwa naona aibu. Miguu yangu ilikuwa inagusa maji." Wakafika Nunguni, baba yake Mutiso akawapa nafaka, na yeye akaachwa hapa awe mke wa Mutiso baadaye. Mwangangi akabeba gunia akarudi kwa watoto wake wadogo waliobaki Kitui. Alisema mvua ikinyesha atakuja kumwona. Mvua ilinyesha. Hakuja. Kama alifia njiani na gunia lake, au alifika na njaa ikammaliza huko, Kalunde hakuwahi kujua. Alingoja mpaka akawa mwanamke mzima, kisha akaacha kungoja lakini hakuacha kutazama njia.

"Tangu Mutiso akufe," akasema, "hakuna mtu huku anajua mimi nilikuwa na baba."

Nikamwambia basi mtoto ni Mwangangi. Nilimwona akishtuka, na kwa muda mfupi uso wake ukawa wa msichana. Kisha akautuliza.

"Hapana. Mwite Nzioka. Umesikia Kilonzo. Mimi nilikutoa Kitui tupate mtu wa shamba. Baba yangu alishakufa, yeye hali. Huyu atakula."

Akaondoka kwenda kukata majani ya mbuzi, akaniacha na hayo.

Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Wanasema penye wazee hapaharibiki jambo, nami nimeishi mpaka nimekuwa mzee mwenyewe, nimewaona wakiharibu mengi. Lakini siku ile ningempokea mzee yeyote. Nilikuwa na mtoto asiyesema, na shamba la bondeni nililiona kupitia mlangoni, majani ya ndizi yakitikisika. Njaa naijua, mwanangu. Nimelala nayo Kitui, sikuhitaji kusimuliwa. Mama gani anamnyima mwanawe shamba kwa ajili ya jina? Nilijiambia Kalunde amesema mwenyewe, yamekwisha. Lakini kila nilipomtazama mtoto nilikuwa naona miguu ya msichana ikigusa maji.

Ndipo ikaja siku ile. Wanawake wakaingia na ukungu wao, wakanisalimu, wakaketi. Kilonzo na wazee wenzake walikuwa uani kwenye viti. Kalunde alikuwa kwenye jiko la nje anakoroga uji wa wageni. Kwetu mtoto hupewa jina na wanawake, wanaume hungoja kuambiwa. Mama Nduku akamchukua mtoto, akamwinua, akaniuliza, "Haya, mama. Ni nani ametutembelea?"

Wengine walikuwa wameshaanza kusema Nzioka, Nzioka.

"Ni Mwangangi," nikasema.

Walioanza kusema Nzioka wakakatiza. Mmoja akasema, "Mwangangi wa wapi? Huku hakuna mtu anaitwa Mwangangi."

 Niliwauliza, "Mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina ya nani?"

"Ya baba ya yule ameoa," akajibu mmoja, kama unavyomjibu mtoto.

"Na mimi nimeolewa na nani? Hizo mbuzi zilienda kwa mjomba wangu, zilitoka kwa nani?"

 Nilisikia uji ukichemka kule nje. Mama Nduku alitazama paa, akatazama mtoto, kisha akacheka kwa ile sauti yake kubwa. "Huyu msichana wa Kitui ametufunga na kamba yetu wenyewe," akasema. Na kabla mtu hajapinga alitoka na mtoto mikononi, akapita mbele ya wanaume bila kuwaambia neno, akaenda jikoni. Nilitoka kitandani nikamfuata, ingawa sikutakiwa.

"Kalunde," akamwita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mtu wa huku akimwita kwa jina lake. "Kalunde, shika. Baba yako amefika."

Mikono yake ilikuwa na unga. Akaipangusa kwenye nguo, akaitazama, akaipangusa tena. Kisha akampokea, akamsogeza usoni, akasema, "Nau."

Nau ni baba yangu. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, amechukua nafasi yake, na mwenye baba humwita mtoto huyo baba mpaka siku ya kufa, kwa dhati, si mchezo. Kalunde alilia kwa sauti mbele ya watu wote, mzee mzima, analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni akapatikana. Nami nililia, na wale wanawake waliomkalisha nje walilia. Nimeona harusi, nimeona watu wakirudi kutoka hospitali wakiwa wazima, lakini furaha ya namna ile sijaiona tena.

Sasa nikueleze gharama, maana nasaha inayoficha gharama ni udanganyifu tu. Kilonzo alifanya kama alivyosema. Ukoo ukakaa kikao, na shamba la bondeni likaenda kwake. Sisi tukapewa hapa juu, unapoona mawe haya. Wanaume wakawakataza wake zao kuja kwetu, hata Mama Nduku akawa anapita haraka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na upweke wa mtu aliyetengwa na mtaa hauwezi kuelezwa kwa mtu anayeamkiwa kila asubuhi. Tulilima mawe. Tulikula kidogo.

Lakini mle ndani, Kalunde alikuwa na baba! Mtoto hajaweza hata kutamka vizuri, Kalunde anamwuliza, "Nau, unaniruhusu niende soko?" Mtoto anasema, "Enda." Anaenda, anamletea muwa. Akichelewa, kale katoto kanasimama mlangoni mikono kiunoni kanamgombeza, naye anainamisha kichwa na kuomba msamaha, kisha ananikonyeza. Alianza hata kuimba. Alikataa maharagwe yakiwa magumu, akamshtakia baba yake. Niliwahi kumwambia amedeka sana. Akaniambia, "Sikupata kudeka. Niache nimalize."

Aliishi mpaka mvulana akawa wa kuchunga mbuzi. Mchana mmoja wa mvua alisema amechoka, akaniomba nimwite Nau. Mtoto akaja na miguu ya matope, akamshika mkono, akamwambia, "Lala sasa," jinsi alivyozoea kumwambia. Akalala. Hakuamka.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa kubwa mno kwangu. Mvulana alikua, na akawa anashuka bondeni kwa binamu zake na kuwakuta wanakula ndizi za kijito kile. Siku moja, amekuwa kijana, aliniuliza, "Mama, jina inapandwa kama mahindi?"  Nilikuwa nimemwambia alibeba jina la nani, lakini habari ya mto, ya gunia, ya njia iliyotazamwa miaka yote, sikumweleza kwa sababu nililia kila nilipoanza. Akashuka akaenda Mtito Andei, mpaka leo anafanya kazi ya kuziba pancha za malori. Alipopata mtoto wake wa kwanza wa kiume alimwita Nzioka. Kilonzo alikuwa amezeeka, akafurahi, akamkatia kipande cha bondeni. Mimi nilisikia habari hizo sokoni. Iliniuma, siwezi kukuficha. Sikumlaumu, maana yeye alikuwa na midomo ya kulisha. Huja Krismasi. Mwaka mwingine haji.

Utaniuliza kama najuta. Kuna asubuhi nimeinua jembe likagonga jiwe, na nikaulaani mdomo wangu. Lakini mtu akinirudisha kwenye kitanda kile leo, nitasema Mwangangi.

Basi, mwanangu, hii ndiyo nasaha. Usimpe mvulana jina la mwanamke ili watu waone jinsi unavyompenda huyo mwanamke. Mtoto ndiye atakayelipia, si wewe. Na usiende kwa mama yako na mama yako mdogo kuwauliza wanapenda jina gani. Watakuambia "lolote tu," kwa sababu wanawake wetu wamezoea lolote tu. Nenda ukae nao, umenye viazi nao, uwaulize wao walikuwa watu wa nani. Ni nani aliyewabeba mabegani? Ni kaka gani aliyewaachia chakula chake, ni mzee gani aliyekuwa akiwatania? Pale ambapo sauti ya mama yako itabadilika, jina la mvulana wako liko hapo. Mpe hilo, na mama yako atakuwa binti wa mtu tena. Heshima kubwa kuliko hiyo kwa mwanamke siijui.

Na mwambie mumeo leo, usingoje siku yenyewe. Mimi nilimshtua Kilonzo mbele ya wenzake, na mwanamume aliyeshtuliwa mbele ya watu masikio yake huziba. Wa kwako ni kijana, amesoma, huenda akasikia. Akikataa, hesabu vizuri unachoweza kupoteza, kwa sababu hakuna atakayekuja kukurudishia. Na mtoto akikua, msimulie mapema, hata kama unalia. Lia, lakini endelea kusimulia.

Naona umemaliza uji. Kuna neno moja limebaki, na silisemi ili ulitumie, wewe una watu wako. Nimekaa mlima huu tangu usichana wangu. Nimekuwa iweto wa Kalunde, nimekuwa Mama Mwangangi, sasa ni yule mama wa juu kwenye mawe. Baba yangu aliitwa Muthui. Alikuwa akirudi nyumbani jioni anaimba tangu mbali, ili nijue ni yeye na nisiogope. Ni hilo tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na nilitaka awepo mtu mmoja anayejua.

Haya, inama nikutemee mate kifuani, baraka za wazee wetu, usione kinyaa. Ujifungue salama, wewe na mtoto wako. Maziwa yako yasikauke. Mvulana wako asikose shamba na asikose watu, na kama itabidi akose kimoja, Mungu amsimamie. Nyumba yako isiwe na mwanamke yeyote anayekaa nje kwenye baridi. Shuka polepole, njia inateleza.